Tegemeo na tegemezi: msamiati wa vifurushi vya tovuti na ujenzi unaorudika

Kabla ya Mto Kilombero kujengewa daraja, msafiri aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge alivushwa kwa kivuko. Mto ulipofurika, kivuko kilisimama, na magari yakangoja ukingoni. Mtu yeyote aliyekulia bondeni angesema bila kusita kwamba kivuko kilikuwa tegemeo la Mahenge, na kwamba Mahenge ndiyo iliyokuwa tegemezi kwa kivuko. Asingeyabadilisha nafasi maneno hayo mawili hata kwa bahati mbaya. Daraja lilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, tegemeo likawa jingine. Tegemezi akabaki yuleyule.

Uhakika huo hupotea mara tu mzungumzaji huyohuyo anapoketi kutafsiri maandishi ya kompyuta. Programu moja inapohitaji programu nyingine ili ifanye kazi, Kiingereza kina neno moja, «dependency», linalotumika kwa uhusiano wenyewe na pia kwa kitu kinachoegemewa. Tafsiri za Kiswahili hulipokea kwa namna tatu au nne: utegemezi, vitegemezi, tegemezi, na mara chache tegemeo. Kwa macho ya haraka yote yanaonekana kufaa, kwa kuwa yote yametoka katika kitenzi kimoja. Tofauti yake hujitokeza pale maandishi yanapomwagiza mtu kufanya jambo: kufuta, kusasisha, kufunga, kuacha. Hapo neno lililogeuzwa upande humtuma mtu kwenye faili lisilohusika.

Kutoka kitenzi hadi nomino

Kitenzi -tegemea kina pande mbili, anayetegemea na kinachotegemewa, na Kiswahili kina viambishi tamati viwili tofauti kwa pande hizo. Jozi inayosaidia zaidi kuziona ni mkimbizi na kimbilio. Mkimbizi ndiye anayekimbia. Kimbilio ni mahali au kitu kinachokimbiliwa. Hakuna mwandishi wa habari anayeweza kuandika kwamba kambi imepokea «makimbilio» elfu mbili, maana msomaji angecheka kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Kwa mpango uleule, tamati -zi katika mtegemezi na tegemezi huelekeza kwa anayeegemea, na tamati -o katika tegemeo na egemeo huelekeza kwa kinachoegemewa. Utegemezi, lenye kiambishi u-, ni jina la hali au uhusiano. Halihesabiki, na kwa sababu hiyo sentensi kama «sakinisha utegemezi kumi na mbili» hukwaruza masikio.

Walimu wa sarufi wana ushahidi wa karibu zaidi, na ni ajabu kidogo kwamba hautumiwi mara nyingi katika mjadala huu. Mofimu tegemezi ni ile isiyoweza kusimama peke yake, kama a- na -na- katika anasoma. Kishazi tegemezi, kwa mfano «mvua iliponyesha», hungoja kishazi kingine kikikamilishe. Katika istilahi zote mbili, tegemezi ni kile kilicho dhaifu, kinachotafuta mahali pa kuegemea. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyejifunza hivyo asubuhi, kisha jioni akasoma katika mwongozo wa programu kwamba «tegemezi» ni kile kinachoegemewa, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Pendekezo la makala haya, basi, ni kwamba kinachohitajiwa kiitwe tegemeo, wingi mategemeo. Kinachohitaji kiitwe kifurushi tegemezi. Na uhusiano uliopo kati yao uitwe utegemezi. Kuhusu kitegemezi, wapo watakaosema kwamba neno limekwisha kuenea na kwamba matumizi ndiyo mwamuzi. Hoja hiyo ina uzito. Ila neno hilo hufaa tu katika matini inayozungumzia upande mmoja, na matini za usalama wa programu, ambazo ndizo zenye hatari, huzungumzia pande zote mbili katika aya moja.

Ukurasa wa wavuti na mategemeo yake

Ifakara ina sababu yake ya kujali mambo haya. Historia ya utafiti wa afya mjini humo inaanza na Mswisi Rudolf Geigy wa Basel, aliyefika mwaka 1949. Kituo kilichozaliwa na safari hiyo ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu 1996 umekuwapo pia mfumo wa kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga: kuzaliwa, kufariki, kuhama na kuhamia, mzunguko baada ya mzunguko. Kazi ya namna hiyo ina thamani kwa sababu swali la mwaka huu linaweza kuulizwa tena mwaka ujao kwa namna ileile, na majibu yakalinganishwa. Leo takwimu nyingi za aina hiyo, popote zinapokusanywa, humfikia msomaji kupitia kivinjari: ramani, jedwali, mchoro wa mistari unaopanda na kushuka.

Chukulia, kwa mfano wa kubuni, kwamba mtaalamu mmoja wa bondeni anatengeneza ukurasa wa kuonyesha idadi ya mbu walionaswa kwa mitego kila juma. Msimbo wake mwenyewe una mistari mia mbili. Hachori mistari ya grafu kwa mkono wake, kwa kuwa wapo waliokwisha kuifanya kazi hiyo vizuri. Huomba kifurushi cha michoro kutoka katika hazina ya npm, iliyoanzishwa mwaka 2010 na inayotumiwa na waandishi wa JavaScript duniani kote. (Kifurushi hapa ni bunda la msimbo lenye jina na namba ya toleo, wala si kile kinachouzwa na kampuni za simu.) Kifurushi cha michoro nacho kinahitaji kingine cha kupanga tarehe, hicho cha tarehe kinahitaji kingine cha lugha, na kadhalika. Ya kwanza ni mategemeo ya moja kwa moja. Yanayofuata yanaweza kuitwa mategemeo ya kupitia, kwa kuwa mtaalamu huyafikia kwa kupitia mengine. Ni jambo la kawaida mradi mdogo wa tovuti kubeba mamia ya vifurushi ambavyo mwenye mradi hajawahi kuyasoma hata majina yake.

Mwezi Machi 2016 dunia ilionyeshwa maana ya hali hiyo. Mwandishi mmoja, baada ya mgogoro kuhusu jina la kifurushi kingine, aliondoa kazi zake zote katika hazina ya npm. Miongoni mwake kilikuwamo left-pad, kifurushi cha mistari 11 ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au herufi upande wa kushoto wa maandishi. Kiliegemewa, kwa kupitia, na Babel na React, zana ambazo nazo ziliegemewa na sehemu kubwa ya tovuti za wakati ule. Kwa saa kadhaa, watu ambao hawakuwa wamebadilisha herufi moja katika msimbo wao walishindwa kuujenga. Hazina ilikirudisha kifurushi hicho siku ileile na baadaye ikabadili kanuni za kuondoa kazi zilizokwisha kuchapishwa.

Mfano wa pili unagusa moja kwa moja suala la istilahi. Mnamo Septemba 2018, event-stream, kifurushi kilichopendwa na wengi, kiliongezewa tegemeo jipya liitwalo flatmap-stream. Ndani ya tegemeo hilo ulifichwa msimbo wa wizi. Uligunduliwa Novemba mwaka uleule, na ikabainika kwamba ulilenga Copay, pochi ya sarafu za kidijitali iliyokuwa ikiegemea event-stream. Wezi hawakuigusa Copay. Walikwenda hatua mbili nyuma yake. Sasa mtafsiri anaombwa aandike tahadhari kwa Kiswahili, na ana sentensi mbili mbele yake:

*Kagueni mategemeo ya event-stream.*

*Kagueni programu zote tegemezi kwa event-stream.*

Ya kwanza inampeleka msomaji kwa flatmap-stream, yaani kwa mwizi. Ya pili inampeleka kwa Copay, yaani kwa aliyeibiwa. Zote mbili ni amri halali na huenda zote zikahitajika, lakini «kagueni vitegemezi vya event-stream» haimwambii msomaji aende wapi.

Namba za matoleo na faili la kufuli

Vifurushi vya npm huandikwa toleo kwa namba tatu, tuseme 4.2.1. Ya kwanza hupanda mwandishi anapobadili jambo litakalovuruga kazi ya wanaomwegemea. Ya pili anapoongeza uwezo bila kuvuruga. Ya tatu anaporekebisha kosa. Huo ndio mwafaka, ingawa hakuna anayewalazimisha waandishi kuutimiza. Mwenye mradi anapoomba tegemeo, kwa kawaida haombi 4.2.1 peke yake. Huweka alama ya kikofia mbele ya namba, na maana yake ni: nipe 4.2.1 au lolote lililo jipya zaidi, mradi lisifike 5.0.0. Leo atapewa 4.2.1. Mwezi ujao, kwa ombi lilelile, atapewa 4.6.0. Mwenzake aliyeko Morogoro akijenga mradi huohuo siku hiyo, wana ukurasa mmoja kwa jina na kurasa mbili kwa hakika.

Wakulima wa Kilombero wanaijua tofauti hii kwa njia yao. Kuomba dukani «mbegu ya mpunga» ni jambo moja. Kuomba SARO 5, ambayo jina lake la kitaalamu ni TXD 306, ni jambo lililo mahususi zaidi. Na kubaki na lebo ya mfuko uliothibitishwa na TOSCI, yenye namba ya fungu ambalo mbegu ilitoka, ni jambo la tatu: ukishindwa kuota shambani, unaweza kurudi ukataja fungu hasa.

Faili la kufuli ni lebo ya aina hiyo. Yarn, iliyotolewa na Facebook Oktoba 2016, ililifanya kuwa desturi, na npm ikafuata mwaka 2017 katika toleo lake la tano. Ndani yake huandikwa kila tegemeo, la moja kwa moja na la kupitia, pamoja na toleo lililopatikana hasa, mahali lilipopakuliwa, na mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uliokokotolewa kutokana na yaliyomo. Mfuatano huo kwa Kiswahili huweza kuitwa alama ya kidole. Koma moja ikibadilika ndani ya kifurushi, alama yake yote hubadilika. Kwa hiyo mradi una orodha mbili, na tafsiri nzuri haina budi kuzitenganisha: orodha ya maombi, anayoiandika mtu, na orodha ya yaliyopatikana, inayoandikwa na mashine. Wanaoanza hulifuta faili la pili wakidhani ni takataka, au hutumia amri ya kawaida ya kusakinisha, ambayo huweza kulibadilisha. Amri ya npm ci, iliyoongezwa mwaka 2018, hufuata kufuli peke yake, na orodha mbili zikipingana hukataa kuendelea.

Unaorudiwa au unaorudika?

Kufuli hukuhakikishia vitu vinavyoingia. Hakukuhakikishii kwamba kitakachotoka kitakuwa kilekile. Hapa ndipo linapoingia wazo la ujenzi ambao mtu yeyote, mahali popote, akianza na msimbo uleule na mategemeo yaleyale, atapata matokeo yaleyale hadi baiti ya mwisho. Mradi wa Debian umelifanyia kazi lengo hilo tangu 2013.

Wazo hilo liitweje? «Ujenzi unaorudiwa» husema tu kwamba kuna mtu anaurudia. Huenda akapata kitu tofauti kila mara. Kinachotakiwa ni uwezekano, na Kiswahili huonyesha uwezekano kwa kauli ya kutendeka: maandishi yanasomeka, maji yananyweka, barabara ya bondeni wakati wa masika haipitiki. Kama tumia hutoa tumika na fikia hutoa fikika, rudia hutoa rudika, na hivyo ujenzi unaorudika. Neno si la kila siku, lakini limeundwa kwa kanuni na mzungumzaji atalielewa akilisikia mara ya kwanza. Anayelikwepa aandike «ujenzi wenye matokeo yaleyale», na hatakuwa amepotea.

Mifumo iliyokwenda mbali zaidi katika njia hii ni Nix, iliyoelezwa kwa kina na Eelco Dolstra katika tasnifu yake ya udaktari huko Utrecht mwaka 2006, na Guix, iliyofuata mwaka 2012. Kanuni yao inaweza kuelezwa kwa ufupi. Kila kifurushi hujengwa ndani ya chumba kilichofungwa. Chumbani huingia tu kilichotajwa; programu hupewa tarehe moja isiyobadilika ya kujiandikia, kwa sababu mara nyingi programu hujiandikia muda wa kujengwa na hivyo kutofautiana bure; na mtandao hukatwa. Hatua ya kupakua huruhusiwa mtandao kwa sharti moja, kwamba alama ya kidole ya kinachopakuliwa iwe imetajwa kabla.

Upande wa kivinjari, yaani sehemu ya tovuti inayotekelezwa kwenye kompyuta ya msomaji, huingia chumbani humo kwa shida. Zana zake nyingi zimezaliwa zikidhani mtandao upo daima; baadhi ya vifurushi, vinapokuwa vinasakinishwa, huendesha amri zao wenyewe na kwenda kupakua vitu vingine ambavyo havikutajwa popote. Shida hii ya kwanza hutatulika: mafaili yote yaliyotajwa na kufuli hupakuliwa mapema, hukaguliwa alama, na kuwekwa ghalani, kisha ujenzi hufanyika kutoka ghala bila mtandao. Neno ghala linafaa hapa kuliko «akiba ya muda», kwa sababu kinachowekwa humo kinakusudiwa kutumiwa msimu mwingine. Kwa ofisi ambayo intaneti yake hukatika, faida yake ni ya siku ileile.

Shida ya pili ni nzito zaidi, na Kiswahili kinaieleza vizuri kuliko lugha nyingi. Kiingereza kina neno moja kwa kile ambacho Kiswahili hukiita mpunga shambani, mchele ghalani na wali sahanini. Msimbo alioandika mtu, wenye maelezo na majina yanayosomeka, ni mpunga. Kabla ya kupelekwa kwenye kivinjari hukobolewa: nafasi huondolewa, majina hufupishwa kuwa herufi moja, mafaili mengi huunganishwa kuwa moja. Huo ni mchele. Kinachoonekana kwenye kioo ni wali. Vifurushi vingi katika hazina ya npm huja vikiwa mchele tayari, na mchele haupandwi. Mtu hawezi kuurekebisha kwa urahisi, wala kuthibitisha kwamba umetoka katika mpunga anaoonyeshwa. Debian na Guix husisitiza kuanzia mpunga, na ndipo hesabu inapokuwa ngumu: ili kukoboa kifurushi kimoja kwa mikono yako unahitaji mashine za kukobolea, ambazo nazo ni vifurushi vya JavaScript, na kila mashine ina mategemeo yake kwa mamia. Ndiyo sababu Guix, yenye maelfu ya vifurushi vya lugha nyingine, imebaki na vichache vya aina hii. Nix kwa kawaida hukubali mchele ulio na alama ya kidole. Ni uamuzi wa kiutendaji, na kwa ofisi ndogo huenda ndio pekee unaowezekana, lakini mtafsiri asiuite kwa jina lilelile analoliita ule wa kwanza.

Tofauti hiyo hudai pia kwamba mategemeo yenyewe yapewe majina mawili. Kifurushi cha michoro kimo ndani ya ukurasa unaofika kwa msomaji. Ni tegemeo la matumizi. Mashine ya kukobolea haimo. Ni tegemeo la ujenzi, kama jembe, ambalo halionekani sahanini. Hata hivyo jembe bovu huharibu mavuno, na mwizi aliyeingia katika tegemeo la ujenzi ameingia katika ukurasa.

Matumizi

Tegemeo lipo katika ngeli ya LI-YA: *tegemeo hili limepitwa na wakati, mategemeo haya yamefungwa kwa kufuli.* Tegemezi, kama kivumishi, halipokei kiambishi cha upatanisho, sawa na lilivyo katika mofimu tegemezi: *kifurushi tegemezi, vifurushi tegemezi, programu tegemezi.* Kinachoegemewa hufuatwa na «la» au «ya» ya mwenye kuegemea: mategemeo ya ukurasa ni vitu ambavyo ukurasa unaviegemea. Kinyume chake huchukua «kwa»: programu tegemezi kwa left-pad. Kutegemewa hubaki kitenzi tu. Nomino «mtegemewa» ipo katika mazungumzo ya familia na inafaa iachwe huko.

Kuna na -tegemeana. Vifurushi viwili vinapotegemeana, mfumo wa ujenzi haujui uanze na kipi, na Kiswahili husema hayo kwa silabi moja bila kuhitaji maneno ya duara au mzunguko. Mfano maarufu ni kitu kinachojitegemea kwa maana isiyo ya kusifiwa: kwa miaka mingi programu inayogeuza msimbo wa TypeScript kuwa JavaScript iliandikwa kwa TypeScript yenyewe, hivyo hukuweza kuijenga bila kuwa nayo. Ilikuwa lazima uanze na toleo la zamani lililokwisha kujengwa na mtu mwingine. Toleo hilo la kuanzia wajenzi wa mifumo huliita mbegu. Mwaka 2023 Guix ilitangaza kwamba inaweza kujenga mfumo wake wa msingi kuanzia mbegu ya baiti 357, ndogo kiasi cha kusomwa na mtu mmoja kwa jicho.